Umefungua, Mzee Viateur?

Kanuni ya saba ya ushirika wetu wa wakulima niliiandika kwa mkono wangu, na sikumwomba mtu anisaidie kuitunga. Inasema kwamba lango la bwawa halitafunguliwa na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, ila kwa amri ya mdomo ya mwenyekiti, itakayotamkwa kwa ukamilifu, "Fungua lango", na mlinzi, akisha kutekeleza, atajibu, "Lango limefunguliwa." Nililelewa katika shule ya bweni ya wamisionari kule Rungwe. Kengele ilipolia mara ya kwanza ulisimama, ilipolia mara ya pili ulikuwa umekwisha tandika kitanda, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini. Nilitoka pale nikiamini, na hata leo naamini, kwamba watu wengi hupotea si kwa kukosa akili bali kwa kukosa utaratibu.

Mimi si mkulima. Kazi yangu iko Muhima, mjini, katika ofisi ya kusafirisha mizigo kutoka Dar es Salaam, na makazi yangu yako juu ya kilima cha Rebero. Lakini mke wangu Frida, Mnyarwanda aliyekulia Morogoro, alirithi shamba katika bonde lililo nyuma ya kilima chetu, na wakulima wenzake arobaini walinichagua kuwa mwenyekiti kwa sababu moja waliyoitaja hadharani: sina shangazi bondeni. Walitaka mtu ambaye hana wa kumpendelea. Walimpata.

Kanuni ya saba ilizaliwa na ukame. Vuli iliyotangulia ilikatika mapema, na mvua za masika zilinyesha siku tisa zikakoma kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Vuli mpya haikuja kwa wakati wake. Kwa miezi kumi na mmoja tulitazama bwawa letu dogo la udongo, lililochimbwa juu ya bonde, likishuka hadi ule mti wenye alama tano nyekundu, ambao ndio kipimo chetu, ukabaki umesimama katika matope yaliyopasuka. Watu waliuza ng'ombe wakiwa wangali na nyama kidogo mgongoni. Asubuhi madumu ya njano yalipangwa foleni bombani kabla ya wenyewe kuamka. Maji yalipokuwa yamebaki nusu ya alama ya kwanza, mlinzi wa wakati ule alimfungulia shemeji yake kwa nusu saa. Nilimwondoa kazini siku hiyo hiyo, na mahali pake nikamweka mzee Viateur.

Viateur alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya Goma na Bukavu, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake, pamoja na upole wa watu waliosafiri sana. Alivua kofia kabla ya kuzungumza, hata kwenye simu, kama alivyoniambia Frida. Katika mwezi wa saba wa ukame binti yake Natacha alimjia na ndoo mbili kwa ajili ya miche ya kabichi, na Viateur alimrudisha nyumbani na ndoo zake tupu. Niliposikia hivyo nilijua nimempata mtu.

Kasoro yake kwangu ilikuwa moja, nayo ni ya ulimi. Herufi r na l alizibadilisha kama majirani wanavyobadilishana majembe, na kila kitu duniani kwake kilikuwa "iko". Aliniita Perezida, nami nikamwambia neno ni mwenyekiti, naye akasema, "Sawa, Perezida." Nilikuwa nimeagiza kwamba mazungumzo yote ya ushirika yawe kwa Kiswahili, lugha iliyo rasmi katika nchi hii na iliyo yangu, kwa kuwa Kinyarwanda nilichojifunza kwa miaka kumi na minne tangu nihamie huku ni cha kusalimia na cha sokoni. Na kila Viateur alipokosea nilimsahihisha. Sikuona ubaya. Shuleni tulisahihishwa mbele ya wote, na tulitakiwa kumshukuru aliyetusahihisha.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lijulikane. Pembeni mwa tuta la bwawa upo mchirizi wa kutolea maji yanayozidi, ili yasipande hadi kulimwagikia tuta lenyewe. Mwezi wa nane, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, nilielekeza mchirizi ule uzibwe kwa viroba vya mchanga, ili mvua ya kwanza ikija tusipoteze tone. Mkulima mmoja, Cassien, aliuliza tutafanyaje mvua ikizidi.

"Bwana Cassien," nilimwambia, "tatizo hilo niletee, nitalitia sahihi kwa mikono miwili."

Watu walicheka sana. Viroba vikapangwa, hamsini na sita.

Mvua ilikuja Jumanne ya katikati ya Novemba. Saa tano na nusu mchana ofisi yetu ya Muhima iliingia giza kama chumba kilichofungwa dirisha, kisha bati likapigwa mara moja, mara mbili, halafu hakuna aliyeweza kusikia simu ya mwenzake. Wenye maduka walitoka nje na kusimama katikati ya barabara, uso juu, midomo wazi. Mhasibu wetu, mama mmoja mkavu wa maneno, alilia bila kujificha. Kiprotich, Mkenya anayeshughulikia magari yetu, alivua viatu na soksi, akaviweka juu ya meza yangu, akatoka kwenda kukanyaga maji.

"Bwana Kamusi," alinipigia kelele kutoka nje, maana hilo ndilo jina alilonipa, "mvua kwa Kiswahili sanifu inaitwaje?"

"Inaitwa mvua. Ondoa viatu vyako."

Lakini nami nilikuwa natabasamu. Niliifurahia kwa saa nzima kabla ya kukumbuka vile viroba hamsini na sita.

Hesabu ilikuwa rahisi. Mchirizi umezibwa, kwa hiyo njia pekee ya maji kutoka ni lango. Lango likifunguliwa mapema, bwawa litajaa taratibu na maji yanayozidi yatapita katika mfereji unaoshuka kutoka langoni hadi mashambani. Likichelewa, maji yatapanda hadi juu ya tuta, na tuta la udongo lililokauka miezi kumi na mmoja haliwezi kuvumilia maji yanayolipita mgongoni. Chini yake, hatua mia mbili tu, lilikuwapo ghala letu la mbegu, na siku hiyo ndani ya ghala walikuwamo Frida na wanawake wawili wakichambua mbegu za viazi.

Saa sita na nusu nilimpigia Viateur. Kwa kelele za bati na kwa haraka niliyokuwa nayo, sikutoa amri kwa ukamilifu wake. Nilidhani mtu mwenye akili, akiona wingu lile, amekwisha jua la kufanya na ananisubiri nithibitishe tu.

"Mzee Viateur, umefungua?"

Alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyepokea zawadi.

"Ndiyo, Perezida. Nimefungura. Nimefungura vizuri. Ninashukuru sana."

"Si nimefungura," nilisema. "Ni nimefungua. Hakuna r hapo."

"Sawa, Perezida. Nimefungua."

"Vizuri. Mvua ikoje huko?"

"Hapa iko kidogo tu, iko inaanza."

"Endelea hivyo hivyo."

Niliweka simu mezani nikiwa mtu mwenye raha. Lango lilikuwa wazi, mvua ilikuwa imekuja, na Kiswahili cha ushirika kilikuwa kimepiga hatua. Nikala chakula changu cha mchana bila haraka.

Saa nane na dakika kumi Frida alinipigia. Mvua ilikuwa bado inapiga, na sasa haikuwa ya furaha. Ilikuwa mvua ya kazi.

"Baba Hirwa," alisema, akiniita kwa jina la mwanetu, "mbona mfereji mkavu?"

"Mkavu vipi?"

"Mkavu. Una maji ya mvua ya kufika kifundo cha mguu, basi. Huko juu milima yote inamimina bwawani, naona mapovu, na hapa chini haliji hata tone. Hamjafungua?"

"Limefunguliwa tangu saa sita na nusu. Nilimwuliza Viateur mwenyewe."

"Ulimwulizaje?"

"Nilimwuliza, umefungua?"

"Akasema?"

"Akasema nimefungura. Nikamsahihisha."

Nyuma yake nilisikia mvua kwenye bati la ghala.

"Lusekelo," alisema, na jina langu hulitumia mara chache, "huyo mzee alikuambia amekula."

"Sikuelewi."

"Kufungura kwetu ni kufungua, na pia ni kula. Ni kula kwa adabu. Mtu mzima huku humwulizi kama amekula, kana kwamba ni mbuzi, unamwuliza, mwafunguye? Ulimpigia saa ya chakula, hukutaja lango, ukamwuliza kama amekula. Akakujibu ameshiba na anashukuru. Na wewe ukamfundisha kuitoa ile r."

Kwa miaka kumi na minne neno hilo halikuwahi kunifikia. Wakwe zangu walinikaribisha mezani kwa Kiswahili cha Morogoro. Wakulima niliwakataza lugha yao mbele yangu. Hapakubaki mtu wa kunitamkia.

"Toka humo ghalani," nilimwambia. "Toka sasa hivi, pandeni ukingoni, kwenye shamba la Cassien."

"Wenzangu wanapanda na magunia. Mimi nakwenda kwa Viateur."

"Frida, usipite chini ya tuta."

"Sasa nitapita wapi?" alisema, akakata simu.

Nilimpigia Viateur mara sita. Simu iliita bila kupokelewa. Nilijua sababu: mvua ikinyesha alikuwa anaiacha kibandani isilowe, naye mwenyewe anasimama juu ya tuta akiutazama ule mti wenye alama, kama nilivyomwagiza. Kila jambo lililokuwa linakwenda vibaya siku ile lilikuwa linakwenda kwa kufuata maagizo yangu.

Kiprotich alinitazama usoni mara moja tu, akachukua ufunguo wa pikapu. Njiani nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa heshima yake hakucheka hadi tulipofika mzunguko wa barabara.

"Kwa hivyo mzee aliripoti lunchi," alisema.

"Endesha gari."

"Naendesha, Bwana Kamusi. Nauliza tu, alikula nini?"

Bondeni Gikondo tulisimama. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanakatiza barabara, yamebeba kiti cha plastiki na kibao cha saluni, na mbele yetu magari yalikuwa yamejipanga kama ng'ombe mbele ya mto. Watu walisimama chini ya vibaraza wakicheka na kupigana picha. Walikuwa na haki ya kucheka. Miezi kumi na mmoja si mchezo. Mimi nilikaa nimeshika simu kwa mikono miwili, nikimwona mke wangu akipanda kando ya tuta la udongo.

Iliita saa nane na dakika arobaini. Ilikuwa namba ya Frida.

"Niko juu ya tuta," alisema, akihema. "Maji yako alama ya nne. Bado moja. Mzee anakataa."

"Anakataa nini?"

"Anakataa kufungua. Anasema mwenyekiti alitangaza mkutanoni kwamba lango halifunguliwi hata kwa kauli ya mke wake. Mlipiga makofi, unakumbuka?"

Nilikumbuka. "Mpe simu."

Sauti ya Viateur ilikuja kutoka mbali, imekatwakatwa na upepo. "Perezida."

"Mzee Viateur. Fungua lango."

"Perezida, sisikii vizuri."

"Fungua lango."

"Ndiyo, nilifungura, asante sana. Lakini Perezida, maji iko inapanda sana, na mama iko hapa anasema..."

"Fungua lango," nilisema tena, polepole, kila silabi mahali pake, kama nilivyosoma Maandiko mbele ya shule nzima nikiwa na miaka kumi na minne. Na kadiri nilivyolitamka neno lile kwa usafi ndivyo lilivyozidi kupotea. Mtandao ulimeza "lango" kila mara, na kilichobaki kilimfikia mzee kama mwenyekiti asiyeacha kumwuliza habari za chakula katikati ya mafuriko.

"Si umwambie kwa lugha yake, wewe," alisema Kiprotich.

Si kwamba sikujua jinsi ya kusema. Nilijua tangu dakika ile Frida aliponieleza. Nilijua neno maji kwa Kinyarwanda, maana nilikuwa nanunua sokoni kama watu wengine. Kilichonizuia ni kitu ambacho sina jina zuri la kukiita, na kilinizuia kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, wakati maji yako alama ya nne.

"Fungura," nilisema. "Muzehe Viateur, fungura amazi."

Sauti ya mzee ilirudi kati ya kelele za mvua.

"Amazi?"

"Amazi. Fungura amazi yose."

Simu ilikatika. Niliipiga tena, ikaniambia mteja hapatikani. Sikujua kama alisikia lile la mwisho, wala kama alilielewa, wala kama alilikubali kuwa ni amri, maana halikuwa kwa maneno ya kanuni ya saba.

Kiprotich alipandisha pikapu juu ya ukingo wa barabara, akapita nyuma ya kituo cha mafuta, akavuka pale ambapo mwenye akili timamu asingevuka, na maji yaliingia chini ya milango yakalowesha soksi zangu. Tulipanda Rebero, tukapita nyumbani kwangu bila kusimama, tukashuka upande wa pili hadi barabara ya vumbi ilipokuwa si ya vumbi tena. Hapo gari lilikataa. Nilishuka nikaenda kwa miguu.

Nilianguka mara mbili. Mara ya pili tope lilichukua kiatu changu cha kushoto na sikugeuka kukitafuta. Mikaratusi ilizuia macho, kwa hiyo nilichokipata kwanza ni sauti. Ilikuwa ngurumo nzito isiyopumzika, kutoka chini, na sikuweza kujua kama ni ya maji yanayotoka mahali pake au ya maji yaliyovunja mahali pake. Nilisimama. Nakiri kwamba nilisimama, na kwamba kwa muda sikutaka kuona.

Kisha nikapita mti wa mwisho.

Tuta lilikuwa limesimama. Chini yake, kutoka katika mdomo wa lango, maji yalikuwa yanaruka mferejini kwa unene wa mwili wa ng'ombe, mekundu, yakitoa moshi wa matone. Mfereji haukuyatosha. Yalikuwa yamefurika kushoto na kulia, mashamba ya chini yote yamelala chini ya maji, kabichi zikichungulia kama vichwa vya waogeleaji. Ghala lilikuwa limeingiwa na maji hadi usawa wa dirisha, lakini mlango ulikuwa wazi, na juu ya ukingo kwa Cassien niliyaona magunia ya mbegu, yamefunikwa turubai, na watu wamekaa juu yake wakizungumza kwa sauti kubwa kama watu walio harusini. Na nyuma ya tuta bwawa lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimesahau lilivyo likijaa, kwamba lina upana ule, na kwamba linaweza kubeba mawingu.

Frida alikuwa juu ya tuta, ameketi kwenye jiwe, khanga kichwani, mikono magotini. Aliponiona alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Kiatu kiko wapi?"

Nilimshika mkono, mbele za watu, jambo ambalo si desturi yangu, na nikaushika kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

"Alisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipotaja amazi aliniangalia, akaniuliza kama ni wewe kweli. Nikamwambia ni yeye, nani mwingine anatamka hivyo? Akaacha simu ikaanguka majini. Usukani wa lango ulikuwa umeota kutu, hatukuuweza wawili. Natacha akaja, tukawa watatu."

"Na maji?"

"Yalifika chini ya alama ya tano, kiganja kimoja. Yakasimama hapo. Tulidhani hayatashuka."

Viateur alikuwa bado ameushika usukani wa lango, kana kwamba ungeweza kujizungusha wenyewe. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na damu ilichanganyika na kutu. Aliponiona alitafuta kofia ya kuvua, lakini mvua ilikuwa imekwisha ichukua.

"Perezida," alisema, akajinyoosha. "Lango limefunguliwa."

Alilisema kwa usahihi kabisa. Ndivyo kanuni inavyotaka, na ndivyo alivyokuwa ameisubiri nafasi ya kulisema kwa muda wote niliomwajiri. Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa hajui lolote, na Frida ni mke asiyeuza siri za nyumba. Bonde lingenishukuru kwa kupiga simu kwa wakati, na Kiprotich angenyamaza kwa bia mbili. Lakini kosa lisilotajwa hurudi likiwa na ndugu zake; hilo nalo nilifundishwa bwenini.

"Mzee Viateur," nilisema, "saa sita na nusu nilipokupigia, nilikuwa nauliza lango."

Hakuelewa.

"Nilikuuliza kama umefungua lango. Sikulitaja. Kanuni inanitaka nilitaje, sikulitaja. Wewe uliponijibu, nilidhani lango liko wazi. Kosa ni langu lote, na nitalisema Jumamosi mbele ya wanachama."

Maji yalinguruma chini ya miguu yetu. Kisha uso wake ukabadilika, na kitu kilichonyauka humo hakikuwa hasira.

"Kumbe," alisema. "Hukuuliza kama nimefungura."

"Hapana, mzee."

"Mimi nilifurahi sana. Nilimwambia hata Natacha. Nilimwambia, leo Perezida ameniuliza kama nimefungura." Akacheka kidogo, akijifuta uso kwa mkono uliochubuka. "Akasema, baba, umeota."

Nilimwuliza alikuwa amekula nini. Lilikuwa swali la Kiprotich, lakini mimi sikulisema kwa utani, na Viateur alilijibu kikamilifu: viazi vitamu na maharage, na parachichi moja ambalo nusu yake alikuwa amemwachia Natacha.

"Kanuni ya saba tutaiandika upya," nilimwambia. "Aliye langoni ndiye anayeyaona maji. Akiona inafaa, afungue. Kisha atupigie simu."

"Kwa lugha gani?" aliuliza Frida kutoka jiweni.

"Kwa lugha itakayomjia."

Viateur aliipokea habari hiyo bila kushangilia. Alikuwa anatazama juu, kwenye vilima vya upande wa pili, ambako wingu jingine jeusi lilikuwa linajipanga. Aliutazama mti wa kipimo, akautazama mchirizi wa pembeni na vile viroba vyangu, vimelowa na kuvimba, mstari kwa mstari kama nilivyovipanga.

"Hii iko lazima itoke sasa," alisema, "mbele ile mvua haijafika. Lango peke yake haiwezi."

Nilivua koti nikampa Frida. Nilivua na kiatu kilichobaki. Tuliingia mchirizini, mimi na Viateur, maji kiunoni, naye Cassien alikuwa anashuka na jembe begani, akinitazama kwa jicho la mtu anayekumbuka umuganda wa mwezi wa nane.

"Mwenyekiti," alisema, "zile sahihi za mikono miwili, ndizo hizi?"

"Ndizo hizi, Bwana Cassien. Shuka."

Niliinama nikakumbatia kiroba cha chini kabisa, kizito kama maiti, nikavuta.

"Oya, Perezida," alisema Viateur. "Si hiyo. Ukitoa ya chini, yote itatuangukia. Anza na ya juu."

Nilianza na cha juu. Nilimpa yeye, yeye akampa Cassien, Cassien akakitupa kando, na kilipoondoka cha kumi na mbili maji yalipata upenyo, mwanzo kama ulimi mdogo, kisha kama mkeka unaokunjuliwa, yakapita katikati yetu yakiwa na baridi tamu ya milimani na harufu ya udongo uliokunywa. Tulipofikia kiroba cha hamsini mvua mpya ilitukuta hapo hapo, na Viateur, bila kuinua kichwa, akanionyesha kwa kidevu ule mti wa kipimo. Alama ya nne ilikuwa imeanza kuonekana, nyekundu, imeoshwa.